Chembe za nano: Jinsi mlinzi wa mapafu anavyogeuka kuwa chanzo cha ugonjwa

MCHIMBAJI wa Tanzanite katika machimbo ya Mirerani, wilayani Simanjiro, mkoani Manyara, hutoka shimoni akiwa mweusi tangu utosini hadi miguuni kwa vumbi la kinywe. Weusi huo huondoka kwa maji na sabuni. Vumbi lisiloondoka ni lile asiloliona: unga wa silika unaotokana na kupasuliwa kwa mawe ya kwatzi, ambao hadi anapofika juu umekwisha kutua katika vifuko vya hewa vya mapafu yake.

Kwa miongo mingi ilidhaniwa kuwa unga huo huyaumiza mapafu kwa kuyakwaruza kwa ncha zake kali, au kwa kuyeyuka polepole na kutoa sumu. Tafiti zilizofanyika tangu mwaka 2006 zimeonyesha kuwa maelezo hayo hayatoshi. Sehemu kubwa ya madhara hufanywa na mwili wenyewe, kupitia seli zilizowekwa kuulinda, pale seli hizo zinapomeza chembe zisizoweza kuzimeng'enya.

Matokeo hayo yamepata uzito mpya kwa sababu viwanda vya leo hutengeneza kwa makusudi chembe ndogo kuliko sehemu kubwa ya vumbi la mgodini. Hizo ndizo zinazoitwa chembe za nano. Zimo katika vipodozi, katika baadhi ya rangi na dawa za hospitali, na katika baadhi ya chanjo. Nyingine hazikukusudiwa na mtu yeyote: hutoka katika bomba la moshi la lori la dizeli na katika jiko la kuni au mkaa.

Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele wa binadamu una upana wa nanomita zipatazo 80,000, seli nyekundu ya damu nanomita kati ya 7,000 na 8,000, na kirusi cha korona takriban nanomita 100. Kwa kawaida chembe huitwa ya nano ikiwa kipimo chake ni kati ya nanomita 1 na 100. Vumbi la mgodini ni mchanganyiko. Chembe zake nyingi ni kubwa kuliko kipimo hicho, ila zimo pia zilizo ndogo kiasi hicho, na namna zinavyopambana na seli za kinga ni ya ukoo mmoja.

Udogo huo una matokeo mawili. Kwanza huamua mahali chembe itakapotua. Vumbi la chengachenga hunaswa puani na kooni, kisha hutolewa kwa kamasi na makohozi. Chembe yenye upana wa karibu nanomita 20 huvipita vizuizi hivyo, na takriban nusu ya chembe za kipimo hicho anazovuta mtu hutua katika vifuko vya hewa, mahali ambapo hewa na damu hutenganishwa na ukuta mwembamba mno.

Pili, udogo huongeza eneo la nje. Mchemraba wenye upande wa sentimita 1 una eneo la sentimita za mraba 6 tu. Ukikatwa hadi kuwa michemraba yenye upande wa nanomita 1, uzito wake haubadiliki, lakini jumla ya eneo lake hufikia mita za mraba 6,000, kiasi kinachokaribia uwanja wa mpira wa miguu. Kwa kuwa kitu kigumu hukutana na seli kwa uso wake wa nje, gramu moja ya unga laini sana si sawa na gramu moja ya unga wa kawaida.

Jambo hilo lilidhihirishwa kwa panya katika Chuo Kikuu cha Rochester, nchini Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mtaalamu wa elimu ya sumu, Günter Oberdörster, na wenzake waliwapa panya unga mweupe wa titaniamu dayoksaidi, uliokuwa ukihesabiwa kuwa hauna madhara ya maana, katika vipimo viwili: chembe za nanomita zipatazo 20 na za nanomita zipatazo 250. Kwa uzito uleule, zile ndogo zilisababisha uvimbe mkubwa zaidi wa mapafu. Hesabu zilikaribiana pale dozi ilipopimwa kwa eneo la chembe badala ya uzito. Kanuni za usalama kazini zinazopima vumbi kwa miligramu peke yake zilionekana kuwa na pengo, na pengo hilo halijazibwa kikamilifu.

Uvimbe unaozungumziwa hapa si ule wa saratani. Ni hali ya mwili kujibu shambulio: mishipa midogo ya damu hupanuka, maji na seli za kinga humiminika mahali palipoguswa, na matokeo yake huwa joto, wekundu, kuvimba na maumivu. Aliyewahi kuchomwa na mwiba anaijua hali hiyo. Kwenye kidole ni tiba, na hupita baada ya siku chache. Ndani ya pafu, ikiendelea kwa miaka, huacha makovu.

Mla adui

Habari ya mwiba ndiyo iliyoanzisha elimu yenyewe. Mwaka 1882, katika mji wa Messina nchini Italia, mwanabiolojia Mrusi Ilya Mechnikov alichoma miiba midogo katika mwili unaopenya mwanga wa mtoto wa kiti cha pwani, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota. Kesho yake aliona chini ya darubini kuwa seli zinazotembea zimeuzingira mwiba pande zote. Akahitimisha kuwa mwili una seli ambazo kazi yake ni kuwala wavamizi. Mwaka 1908 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich wa Ujerumani.

Seli hizo huitwa makrofaji, jina la asili ya Kigiriki lenye maana ya mlaji mkubwa. Makrofaji za mapafu hutambaa juu ya kuta za vifuko vya hewa zikifagia kila kinachoingia: bakteria, masizi, chavua na mabaki ya seli zilizokufa. Kwa mtu mwenye afya hufanya kazi hiyo kimyakimya mchana na usiku, na mwenyewe hana habari.

Namna zinavyokula inafaa kuelezwa kwa utulivu, kwa kuwa humo ndimo siri ilimo. Makrofaji huizunguka chembe kwa ngozi yake laini hadi ikaifumba ndani ya kifuko. Kifuko hicho huunganishwa na kingine kiitwacho lisosomu, ambacho kimejaa tindikali na vimeng'enya vyenye uwezo wa kuvunja protini, mafuta na sukari. Ni tumbo dogo ndani ya seli. Bakteria wengi wakiingizwa humo hawatoki.

Punje ya silika haina protini wala mafuta. Tindikali haiwezi kuiyeyusha kwa kiasi cha maana. Badala ya kifuko kuivunja punje, punje ndiyo inayokivunja kifuko. Juu ya uso wa silika iliyopasuliwa karibuni kuna viungo vya kikemia viitwavyo silanoli, na mwaka 2020 watafiti wa Italia na Ubelgiji walionyesha kuwa kundi fulani la silanoli, zile zilizokaa karibu lakini hazijashikana kikamilifu, ndilo hasa linaloushambulia utando wa seli. Hii inaeleza kwa nini vumbi linalotoka wakati huohuo wa kutoboa mwamba ni kali kuliko vumbi la jiwe hilohilo lililokaa muda mrefu.

Kifuko kikipasuka, tindikali na vimeng'enya, mojawapo kikiwa kathepsini B, humwagika ndani ya seli. Wakati huohuo potasiamu, ambayo kwa kawaida hujaa ndani ya seli, huanza kuvuja kwenda nje. Kwa seli, hizo ni dalili kuwa nyumba imevunjwa.

Kengele ya hatari

Kengele inayolia wakati huo iligunduliwa Uswisi. Mwaka 2002, Jürg Tschopp na wenzake wa Chuo Kikuu cha Lausanne walieleza juu ya mkusanyiko wa protini ndani ya seli za kinga walioupa jina la inflamasomu. Ule unaohusika zaidi na chembe ngumu hujengwa kuzunguka protini iitwayo NLRP3. Katika hali ya amani sehemu zake hukaa mbalimbali. Hatari ikihisiwa, hukusanyika na kushikana kama gurudumu, kisha huamsha kimeng'enya kiitwacho kaspasi-1.

Kaspasi-1 ni mkasi. Kazi yake mojawapo ni kukata protini iliyolala na kuifanya iwe interlukini-1 beta, ambayo ni miongoni mwa vichochezi vikali kabisa vya uvimbe na homa mwilini. Mkasi huohuo hukata protini nyingine, gasdemini D, ambayo vipande vyake hutoboa matundu katika utando wa seli. Kazi hiyo ya gasdemini ilielezwa mwaka 2015 na makundi ya watafiti wa China na Marekani. Interlukini hutoka kupitia matundu hayo, na mara nyingi seli yenyewe hupasuka na kufa. Ile punje iliyomezwa hubaki huru, nzima kama ilivyokuwa, ikingoja makrofaji nyingine ije kuimeza.

Mzunguko huo ndio kiini cha jambo lote. Bakteria akiuawa, vita vimekwisha. Punje ya jiwe haiuawi, hivyo kila mlinzi anayeikabili hufa au hujeruhiwa, huita wenzake kwa interlukini, na wanaofika hukuta punje ileile. Miongoni mwa wanaoitwa ni nyutrofili, seli nyeupe zenye kumwaga kemikali za oksijeni zinazounguza bakteria pamoja na nyama iliyo jirani. Seli za kutengeneza makovu huja nyuma yao. Ndiyo sababu ugonjwa wa silikosisi, unaotokana na vumbi la silika, waweza kuendelea kukua hata baada ya mchimbaji kuacha kazi, na hauna dawa ya kuuponya.

Kwamba vitu vigumu visivyo na uhai vinaweza kuiamsha kengele hii kulijulikana kwanza kupitia ugonjwa wa jongo. Mwaka 2006 kundi la Tschopp lilionyesha kuwa fuwele za asidi ya yuriki, zinazojikusanya katika viungo vya mgonjwa wa jongo, huiwasha NLRP3. Mwaka 2008 makundi matatu ya watafiti, moja la Uswisi na mawili ya Marekani, yalitoa matokeo yanayofanana juu ya silika, na lile la Uswisi likahusisha asbestosi pia. Panya waliozaliwa bila NLRP3 walipata uvimbe mdogo wa mapafu kuliko wenzao walipovutishwa vumbi hizo.

Hatua ya kuzifikia chembe za nano zenyewe ilikuja mwaka 2010. Kundi hilohilo la Lausanne lilitangaza kuwa titaniamu dayoksaidi na silika za kipimo cha nano huwasha NLRP3 katika makrofaji za binadamu zilizokuzwa maabara, na kwamba mapafu ya panya waliovutishwa titaniamu dayoksaidi ya nano yaliitikia kwa namna inayofanana na ile ya asbestosi. Tschopp alifariki dunia mwaka uliofuata.

Hata hivyo katika jaribio hilohilo chembe za nano za oksidi ya zinki hazikuiwasha kengele. Hapo ndipo mijadala mingi ya hadharani inapokosea: chembe za nano huzungumziwa kana kwamba ni kitu kimoja, ilhali jina hilo hutaja ukubwa tu. Chembe mbili zenye upana mmoja zaweza kutofautiana kama chumvi na mchanga. Oksidi ya zinki huyeyuka katika tindikali ya lisosomu na kutoa zinki, ambayo ikizidi huiua seli kwa njia nyingine. Dhahabu hukaa kwa utulivu zaidi. Mafuta humeng'enywa na kuisha.

Umbo nalo lina neno lake. Mwaka 2008 watafiti wakiongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Edinburgh, akiwamo Ken Donaldson, waliwachoma panya tumboni mirija ya nano ya kaboni. Mirija mirefu na iliyonyooka ilisababisha uvimbe na vinundu vilivyofanana na vile vya asbestosi. Mifupi na iliyojiviringa haikufanya hivyo. Sababu yaweza kueleweka na yeyote aliyeona chatu akijaribu kumeza windo lililo kubwa kuliko kinywa chake. Makrofaji huanza kuumeza mrija, hushindwa kuufumba, na kwa kuwa kinywa kimebaki wazi, vimeng'enya na kemikali kali humwagika nje. Aina moja ya mirija hiyo iliwekwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, mwaka 2014 katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu.

Joho la protini

Chembe haifiki kwa makrofaji ikiwa uchi. Mara inapogusa damu au ute wa mapafu, protini huinasa na kuifunika. Mwaka 2007 watafiti wa Dublin na Lund walipima jinsi protini zinavyojishikiza na kuachia, na kutoa hoja kuwa seli hulitambua joho hilo kabla ya kuitambua chembe yenyewe. Joho lenye protini za kinga huwa kama alama ya kumwambia makrofaji ale haraka. Joho la aina nyingine huificha chembe. Watengenezaji wa dawa hutumia maarifa haya kuzipaka chembe zao kemikali zinazochelewesha kuliwa.

Lipo pia suala la uchafu, ambalo limewaumbua watafiti wengi. Makrofaji huhitaji ishara mbili kabla ya kutoa interlukini kwa wingi. Ishara ya kwanza huiandaa seli kuitengeneza ile protini iliyolala. Ya pili, kama kupasuka kwa lisosomu, ndiyo huamuru ikatwe. Ishara ya kwanza mara nyingi hutoka kwa bakteria, na kipande cha ganda la bakteria kiitwacho endotoksini chatosha kuitoa hata kwa kiasi kidogo mno. Endotoksini hunata juu ya chembe za nano kwa urahisi. Majaribio kadhaa yaliyodai kuwa chembe fulani ni hatari yalikuja kuonekana kuwa yalipima uchafu huo. Kipimo chake cha kawaida, kinachotengenezwa kwa damu ya kaa farasi, nacho huvurugwa na baadhi ya chembe za nano. Msomaji anayekutana na habari ya kutisha kuhusu chembe hizi ana haki ya kuuliza iwapo sampuli ilipimwa endotoksini.

Kifua kikuu juu ya vumbi

Hitaji hilo la ishara mbili linaeleza kwa nini mgodi ni mahali pabaya mno. Mtu anayevuta vumbi tupu katika hewa safi ya maabara ni nadra. Wanaapolo, kama wachimbaji wa Mirerani wanavyoitwa, huvuta silika pamoja na moshi wa baruti katika mashimo membamba yenye hewa haba, na huishi katika kambi zenye msongamano ambamo kifua kikuu huenea.

Bakteria wa kifua kikuu ana tabia ya pekee: huishi ndani ya makrofaji yenyewe, akijitahidi kuzuia lisosomu isimfikie. Makrofaji iliyojaa silika haiwezi kumdhibiti, na ikifa humwachia. Ndiyo maana mtu mwenye silikosisi huwa katika hatari ya kuugua kifua kikuu mara kadhaa zaidi ya asiye nayo, na picha za eksirei za magonjwa hayo mawili hufanana kiasi cha kumchanganya hata daktari mzoefu. Mchimbaji aliyemaliza dozi ya kifua kikuu na bado anakohoa huenda akaanzishiwa dozi nyingine, kumbe kinachomsumbua ni makovu ya vumbi. Hospitali ya Magonjwa Ambukizi ya Kibong'oto, wilayani Siha, mkoani Kilimanjaro, iliyoanza kama kituo cha kifua kikuu mwaka 1926, ndiyo iliyo mstari wa mbele katika kuwahudumia wachimbaji wa ukanda huo.

Wakazi wa mijini wasidhani kuwa habari hii ni ya migodini pekee. Masizi ya dizeli huundwa kwa viini vya kaboni vyenye upana wa nanomita 20 hadi 30, vilivyoshikana na kupakwa mafuta yasiyoungua na vipande vya metali. Tofauti na silika, madhara yake hayatokani sana na kupasua lisosomu. Metali na mafuta hayo huzalisha ndani ya seli zile kemikali kali za oksijeni, nazo huamsha jeni za uvimbe. Juni 2012, IARC iliutangaza moshi wa dizeli kuwa kisababishi cha saratani kwa binadamu. Moshi wa kuni na mkaa nao una chembe za kipimo hicho, na wanaouvuta zaidi ni wanawake na watoto walio jikoni. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, umelenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034.

Tatizo la vipimo hujitokeza tena hapa. Chembe za nano ni nyingi mno kwa idadi katika hewa ya barabarani, lakini uzito wake wote kwa pamoja ni mdogo, hivyo vifaa vya kawaida vya kupima hewa kwa uzito hazizihesabu ipasavyo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, WHO, wa mwaka 2021 haukuziwekea kikomo. Ulishauri zihesabiwe kwa idadi, na ukasema wastani wa saa 24 unaozidi chembe 10,000 kwa kila sentimita ya ujazo ya hewa uchukuliwe kuwa wa juu.

Je, chembe hizi hubaki mapafuni? Mwaka 2017 watafiti wa Edinburgh na Uholanzi waliwaomba watu wenye afya wavute hewa yenye chembe za nano za dhahabu, ambazo hazina madhara makubwa na ni rahisi kuzitafuta. Dhahabu ilionekana katika damu ndani ya saa 24, na bado ilikuwamo miezi mitatu baadaye. Kwa wagonjwa waliokuwa wakisubiri upasuaji wa mishipa ya shingo, ilikutwa katika mafuta yaliyoganda ndani ya mishipa hiyo, mahali ambapo makrofaji zimejaa na uvimbe tayari upo. Uhusiano wa moshi na mshtuko wa moyo, uliojulikana kwa takwimu tangu zamani, ulipata njia moja ya kuelezeka.

Uvimbe unaotafutwa

Kengele hiyohiyo hutumika pia kwa faida. Tangu miaka ya 1920 chumvi za aluminiamu zimekuwa zikichanganywa katika chanjo, zikiwamo za pepopunda, ili kuuamsha mwili. Kwa muda mrefu zilitumika bila kufahamika zinavyofanya kazi. Mwaka 2008 ilionekana kuwa nazo huwasha NLRP3, ingawa wataalamu bado wanabishana iwapo hiyo ndiyo njia yake kuu.

Chanjo za korona za Pfizer na Moderna, zilizoanza kutumika mwaka 2020, hubeba ujumbe wake ndani ya chembe za nano za mafuta. Chembe hizo si chombo cha kubebea tu. Nazo huchochea kinga, na utafiti wa mwaka 2022 uliitaja interlukini-1 kuwa miongoni mwa viongozi wa mwitikio huo. Homa ya siku moja au mbili na maumivu ya mkono vilivyowapata wengi vina uhusiano na hilo. Mafuta hayo humeng'enywa, kengele ikanyamaza. Kumlinganisha aliyechanjwa na mchimbaji wa Mirerani ni kukosa kuuona mzunguko ulioelezwa hapo juu, wa punje isiyoisha.

Kuhusu chakula na ngozi, hofu imekuwa kubwa kuliko ushahidi katika upande mmoja na ndogo katika upande mwingine. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku titaniamu dayoksaidi kama rangi ya chakula, E171, mwaka 2022, baada ya Ufaransa kutangulia mwaka 2020. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba haikuwezekana kuondoa shaka ya kudhuru vinasaba. Uvimbe haukuwa hoja kuu. Katika mafuta ya kukinga jua, titaniamu na zinki za nano hubaki katika tabaka la juu la ngozi iliyokwisha kufa ikiwa ngozi ni nzima. Watu wenye ualbino hawana sababu ya kuyaacha kwa hofu ya nano; jua ndilo linalowaua kwa saratani ya ngozi. Tahadhari inahusu yale ya kupuliza, kwa kuwa hayo huvutwa, na Ulaya hairuhusu titaniamu ya nano katika vipulizio vinavyoweza kufika mapafuni.

Kwa anayefanya kazi katika vumbi, kinga ya kwanza ni kutoboa mwamba kwa maji, kwani tone hulishika vumbi kabla halijaruka. Ya pili ni kupitisha hewa shimoni. Barakoa ni ya mwisho, na si kila barakoa. Leso na barakoa za kitambaa hupitisha chembe hizi kwa wingi. Barakoa ya daraja la N95 au FFP2, ikikaa vizuri usoni, huzinasa, na jambo la kushangaza ni kwamba chembe zinazoisumbua zaidi si zile zilizo ndogo kabisa. Zilizo ndogo kabisa hutikiswatikiswa na molekuli za hewa, zikayumba huku na huko hadi zikagonga nyuzi na kunasa. Ndevu nyingi, au ukingo ulioachwa wazi kando ya pua, huifanya barakoa hiyo iwe kama haipo.